Sikio Kwanza, Skrini Baadaye

Gari la Japani likifika Voi huwa tayari linajua jambo moja la Kiswahili, nalo ni saa. Tazama kisaa cha navigesheni kwenye dashibodi ya Fielder au Noah ambayo bado haijaguswa na fundi. Jua limekwisha kupanda juu ya Tsavo, watoto wanakimbilia shule, simu ya dereva inaonyesha 7:00, na kisaa kinaonyesha 1:00. Mwenye gari hukirekebisha, kesho yake akakikuta kimejirudisha palepale, kwa sababu kinapokea wakati kutoka kwa setilaiti na kuuhesabu kwa saa za Tokyo. Japani iko mbele yetu kwa saa 6, na hesabu yetu ya saa za Kiswahili nayo hupishana na ya kizungu kwa saa 6. Ndiyo maana ikiwa saa moja asubuhi hapa Voi, kisaa cha Mjapani nacho husema ni saa moja. Bibi aliyeketi kiti cha nyuma akielekea Mwatate haoni kosa lolote.

Bahati yetu inaishia hapo. Redio ya gari hilohilo haisikii stesheni zetu nyingi. Ramani yake inaanzia Hokkaido na kuishia Okinawa, na ukiifungua ukiwa mtaa wa Kaloleni inakuonyesha umesimama katikati ya bahari. Televisheni yake haina picha. Kila ukiwasha injini, mwanamke usiyemwona anakusalimu kwa Kijapani na kukukumbusha kwamba hujaingiza kadi ya ETC, ile ya kulipia barabara za ushuru huko kwao. Tumemzoea mama huyo kiasi kwamba asubuhi akinyamaza tunashuku betri.

Kwa hiyo karibu kila mwenye gari, mapema au baadaye, hufika kwa fundi wa redio. Sina ugomvi na safari hiyo. Ugomvi wangu ni kuhusu anachoagiza akifika. Wengi huanza na skrini: ile redio ya Android ya inchi 9 au 10 inayochukua nusu ya dashibodi na kung'aa kama duka la simu. Spika zinabaki zilezile zilizochoka, antena inabaki ileile, na mara nyingi hata stesheni ya nyumbani haishiki vizuri. Mimi nasema kwamba kwa gari linaloishi Taita Taveta, pesa ya kwanza iende kwenye kusikia: redio inayopata masafa yetu, spika mbili nzuri za mbele, na simu inayopokelewa bila kushikwa mkononi. Skrini ije mwisho, na ikija, ije kwa masharti.

Nianze na redio, kwa kuwa ndiyo inayosumbua wengi na wachache ndio wanaoelezwa kwa nini.

Masafa ya FM ya Japani yalipangwa kati ya megahezi 76 na 90. Ya kwetu, kama ya sehemu kubwa ya dunia, ni 87.5 hadi 108. Yanakutana kwenye kipande kidogo tu, 87.5 hadi 90, na ndiyo sababu redio ya Kijapani hushika stesheni moja au mbili za Kenya halafu ikanyamaza. Kuanzia mwishoni mwa 2014 Japani ilianza kurusha stesheni zake za AM kwenye FM pia, ikapanua masafa hadi 95. Magari ya miaka ya karibuni kwa hiyo husikia zaidi ya yale ya zamani, lakini chochote kilicho juu ya 95 bado hakiwafikii wenyewe.

Dawa ya mtaani ni ekspanda. Fundi anayejua kazi yake huzungushia bisibisi bapa kitambaa ili isikwaruze plastiki, akabandua fremu ya dashibodi, akafungua skrubu za pembeni na kuivuta redio nje ikiwa bado inaning'inia kwa waya zake. Huchomoa plagi ya antena, akachomeka kati yake na redio kiboksi kinachoenea kiganjani. Waya mwekundu wa kiboksi huenda kwenye umeme unaokuja ufunguo unapozungushwa, mweusi kwenye bodi ya gari. Hiyo ndiyo kazi yote, na mtu asiye na haraka huimaliza kabla chai haijapoa.

Kinachofuata ndicho wateja wengi hawaambiwi. Kiboksi hicho hakiipanui redio. Kinayashusha masafa ya stesheni zetu ili yaingie kwenye dirisha la Mjapani. Kikiwa cha kushusha megahezi 16, stesheni iliyo 95.5 utaipata kwenye 79.5, na iliyo 104.5 utaipata kwenye 88.5. Lakini iliyo 106.7 itaangukia 90.7, nje ya dirisha, na hutaisikia. Chukua cha kushusha 20: ile ya 106.7 inaingia vizuri kwenye 86.7, ila sasa ya 95.5 imeshuka hadi 75.5 na imepotea. Dirisha la zamani la Japani lina upana wa megahezi 14. Masafa yetu yana upana wa 20 na nusu. Hakuna kiboksi cha namna hiyo kitakachoyaingiza yote kwa pamoja.

Ndiyo maana fundi mwaminifu huuliza kabla ya kushika bisibisi: "Mwalimu, nyumbani mnasikiliza stesheni gani?" Kisha anachagua kiboksi kulingana na jibu. Asiyeuliza anakufungia alichonacho kwenye droo, na wiki ya pili unarudi kulalamika kwamba taarifa ya habari ya saa moja haipatikani tena.

Hapa kwetu jambo hili lina uzito kuliko Nairobi. Mawimbi ya FM husafiri kwa mstari ulionyooka, na kaunti yetu imejaa vitu vya kuyazuia. Kuna milima ya Taita, kuna Sagalla inayoinamia Voi, kuna Kasigau iliyosimama peke yake kule nyuma ya Maungu. Vuria, kilele kirefu kuliko vyote chenye mita 2,208, ndicho kimebeba milingoti, na ukishuka upande wake wa pili unaweza kuipoteza stesheni kwenye kona moja na kuirudisha kwenye kona inayofuata. Sasa weka hapo katikati kiboksi cha bei ya kutupa, chenye mvumo wake na kinachodhoofisha mawimbi ambayo tayari ni hafifu, halafu useme redio ya gari haina maana siku hizi.

Ina maana kubwa. Mwanedu FM inazungumza Kidawida, na hakuna programu ya simu itakayompa mzee wa Werugha tangazo la mazishi, bei ya soko na malalamiko ya maji kwa lugha ya mamake. Mvua za El Niño zilipopiga Pwani mwishoni mwa 2023 na barabara kukatika, waliojua mapema pa kupita na pa kutopita walikuwa wale waliokuwa wakisikiliza. Redio haidai bando wala minara ya simu, na haimwombi dereva aiangalie. Kwa barabara yenye trela usiku kucha kati ya Mombasa na Nairobi, chombo kinachofanya kazi bila kuhitaji macho ni hazina.

Televisheni nitaipita haraka. Japani hurusha kwa mfumo wa ISDB-T. Kenya ilipohama kutoka analojia mwaka 2015 ilikuwa imechagua DVB-T2. Mifumo hiyo miwili haielewani. Fundi anayekuahidi kwamba ataifungua TV ya Kijapani ipate chaneli za Kenya ama hajui, ama anajua na anahitaji karo ya mtoto.

Navigesheni ndiyo hadithi tamu, kwa kuwa iliundwa kwa ajili ya watu wenye shida kama yetu. Mwaka 1981 Honda ilitoa Electro Gyrocator, chombo kilichotumia jairo ya gesi ya heli kuhisi gari linakogeukia, na ramani zilizochapwa kwenye plastiki angavu ambazo dereva alizibadilisha kwa mkono. Hakikutegemea setilaiti hata moja. Mwaka 1990 Mazda ikauza Eunos Cosmo ikiwa na navigesheni ya GPS iliyojengwa ndani. Kwa nini Wajapani walilikimbilia jambo hili mapema hivyo? Sababu mojawapo ni kwamba barabara nyingi za miji yao hazina majina. Nyumba hupewa namba kufuata kitongoji na kitalu, na ndani ya kitalu namba mara nyingi hufuata nyumba ipi ilijengwa kwanza, hata kama haiko jirani na inayofuata. Mgeni hawezi kufika kwa kubahatisha. Wakaunda navigesheni inayokubali hata namba ya simu ya duka au hoteli: unaiandika, na ramani inakupeleka mlangoni.

Mtu wa Voi anaielewa shida hiyo bila kufafanuliwa. Mwulize rafiki yako anakaa wapi, atakuambia ushuke Sofia, upite msikiti, kisha uulize kwa mama anayekaanga mahamri. Anwani yetu ni watu na vitu. Tungekuwa tumepata ile akili ya Wajapani ikiwa na ramani ya kwetu ndani, tungekuwa tumepata chombo cha maana. Tulichopata ni akili hiyo ikiwa imejaa Osaka na Sapporo, kwa maandishi tusiyoweza kuyasoma, na hakuna diski wala kadi ya ramani ya Kenya utakayoichomeka ndani yake ikaamka ikijua Wundanyi.

Kwa hiyo ramani tunayo kwenye simu, na hapo ndipo wengi hukosea hesabu. GPS haidai bando. Setilaiti zinatuma mawimbi bure, na simu inaweza kujua ilipo hata ukiwa katikati ya Tsavo bila mtandao. Kinachokula bando ni picha ya ramani yenyewe na habari za msongamano. Anayetoka Voi kwenda Taveta akitegemea ramani inayopakuliwa njiani ataipoteza pindi mtandao utakapokatika huko mbele ya Maktau, barabara inapopita mbugani, naye ataona kijidoti cha buluu kikitembea juu ya karatasi tupu. Aliyepakua ramani ya kaunti nzima akiwa nyumbani kwa Wi-Fi hatahisi tofauti. Google Maps inaruhusu hivyo. Organic Maps na OsmAnd zinafanya hivyo kwa msingi wake, zikitumia michoro ya OpenStreetMap ambayo watu wa kujitolea huichora, na mara nyingi njia za vumbi za vijijini utazikuta humo.

Hata hivyo ramani haina ujuzi wa mwenyeji. Inaweza kukupendekezea njia fupi inayokatiza ndani ya mbuga bila kujali kwamba geti hulipiwa na hufungwa jioni. Inaweza kukupeleka Kasigau kwa barabara ambayo Aprili huwa mto. Mahali pake panapofaa ni kuisikiliza ikitaja kona, huku dereva akiuliza watu palipo na shaka. Sauti ya simu ikitoka kwenye spika za gari inatosha kabisa kwa kazi hiyo, hata kama dashibodi haina kioo chochote.

Sasa nirudi kwa skrini, na nianze kwa kuitendea haki. Redio ya Android iliyofungwa vizuri inasikia masafa yetu yote bila ekspanda, na hilo peke yake ni jambo kubwa. Inazungumza Kiingereza, na nyingine Kiswahili. Inakuonyesha nyuma ya gari unaporudi, na kwenye maegesho ya soko la Voi siku yenye watu wengi, kamera ya rivasi inaweza kuokoa mtoto. Kijana anayeendesha teksi huona pia kwamba abiria wanalipenda gari lenye skrini, na siku ya kuliuza mnunuzi huangalia dashibodi kabla ya kuinua boneti. Hizo ni sababu za watu wazima, sizidharau.

Lakini sikiliza jinsi inavyofungwa. Redio hizi huja na waya mmoja unaotakiwa kuunganishwa na swichi ya hendibreki. Kazi yake ni kuhakikisha video haichezi gari likiwa linakwenda. Ni kinga iliyowekwa na mtengenezaji mwenyewe. Na ni jambo la kawaida kabisa kwa fundi, bila kuulizwa, kuuchukua waya huo na kuubana moja kwa moja kwenye bodi, ili redio iamini kwamba hendibreki imevutwa siku zote. Mteja anafurahi, video inacheza kuanzia Voi hadi Mtito Andei. Kitendo kimoja cha koleo kimefuta kinga yote, na hakuna aliyetia sahihi mahali popote.

Fanya hesabu. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Dereva akiangalia skrini kwa sekunde 2, amesafiri mita 44 bila kuona barabara, zaidi ya trela mbili zilizounganishwa mkia kwa kichwa. Ongeza usiku. Skrini nyeupe ya inchi 10 hubana mboni za macho, na macho yakirudi gizani huchukua muda kuzoea. Ongeza tembo. Wakaao hapa wanajua kwamba tembo usiku haonekani upesi: rangi yake ni ya udongo, na jicho lake liko juu ya mwanga wa taa za gari dogo, kwa hiyo halirudishi mng'ao kama la swala. Unamwona akiwa tayari ni ukuta. Kenya inamtoza dereva faini ya shilingi 2,000 kwa kutumia simu mkononi gari likiwa linakwenda, kwa kanuni za 2016. Kisha tunamruhusu afunge mbele yake simu kubwa mara tatu na kuiita maendeleo.

Ndiyo maana nasema skrini ije kwa masharti. Waya wa hendibreki uunganishwe na hendibreki. Mwanga ushuke wenyewe taa za gari zinapowashwa. Redio nyingi zina waya wa kazi hiyo, na mara nyingi huachwa ukining'inia. Kamera ya zamani ijaribiwe kabla ya kuuziwa mpya, kwa sababu kamera nyingi za kiwandani za Toyota hutumia volti 6, na fundi akiipa 12 ataiunguza halafu aseme ilikuwa mbovu tangu Japani.

Na kabla ya yote, redio ya zamani isitolewe kwa pupa. Redio nyingi za Toyota za miaka ya 2010 huhifadhi ramani kwenye kadi ya SD na zina kinga ya wizi. Mtu huiona kadi ile, akasema ramani ya Japani ni ya nini, akaichomoa ili aweke nyimbo. Baadaye betri inakufa au inachomolewa kwa ajili ya kazi nyingine, redio inawaka ikidai kadi yake, haiioni, inajifunga na kuomba namba ya siri. Kuanzia hapo mwenye gari anahangaika kutafuta mtu wa kumuuzia namba ya kufungulia kitu alichokwisha kukinunua. Kadi hiyo iachwe mahali pake. Ukinunua gari, hakikisha ipo. Ni kipande kidogo cha plastiki chenye thamani ya redio nzima.

Redio hiyohiyo ya Kijapani, ikiachwa na kusaidiwa, hufanya mengi. Nyingi zina Bluetooth ndani. Kazi ni kuipata kwenye menyu ya Kijapani, na simu yenye programu ya kutafsiri ikielekezwa kwenye kioo huisoma menyu mara moja. Isiyo na Bluetooth inaweza kuwa na tundu la waya wa muziki. Isiyo na vyote viwili hupewa kile kidude cha kuchomeka kwenye tundu la kiberiti cha sigara kinachorusha muziki wa simu kwa FM: kiweke kwenye 88, kwenye kile kipande ambacho masafa yetu na ya Japani yanakutana, na redio ya Mjapani itakisikia bila ekspanda yoyote.

Ukibaki na pesa, nenda kwenye spika. Hapa ndipo watu hudanganywa na namba. Redio imeandikwa wati 60 mara 4. Kwa umeme wa gari, volti 14 hivi, na spika ya omu 4, redio isiyo na amplifaya ya pembeni haiwezi kutoa kwa usafi zaidi ya wati 20 na ushei kwa kila spika. Hiyo ni fizikia, na kibandiko hakiibadilishi. Kwa hiyo kubadilisha redio ili upate sauti kubwa, huku ukibakiza spika za karatasi zilizokaushwa na miaka 8 ya jua na baridi, ni kumwaga pesa. Spika mbili nzuri kwenye milango ya mbele, milango ikiwa imebandikwa ndani kitu cha kuzuia mtetemo, zitakupa sauti ambayo hakuna skrini itakayoileta. Mtangazaji atasikika maneno yote, na ramani ikisema kata kushoto utasikia kushoto.

Sabufa ni hadithi nyingine. Amplifaya ya wati 500 za kweli huvuta zaidi ya ampea 40, na gari dogo halikupewa altaneta ya kulisha disko. Matatu ina sababu zake za kibiashara, na hata hiyo inabanwa na kanuni za NEMA za kelele za mwaka 2009. Mwenye Vitz anayetaka besi ajue angalau jambo moja: waya unaotoka kwenye betri uwe na fyuzi yake karibu na betri yenyewe. Waya usio na fyuzi unaopita chini ya kapeti, ukichubuka, hauungui peke yake.

Nimewataja mafundi kwa ukali, na haki inanidai niseme upande wao. Fundi wa redio wa Voi amejifunza kazi hii akiwa na miongozo ya Kijapani asiyoweza kuisoma, vipuri visivyo na jina, na wateja wanaotaka kazi ya saa 3 ifanyike kwa nusu saa. Anayoyajua ameyapata kwa kuunguza vitu. Coast Institute of Technology iko hapahapa Voi. Vyuo vya ufundi vya vijijini viko chini ya kaunti kwa mujibu wa Katiba ya 2010. NITA ina mitihani ya daraja za ufundi ambayo mtu anaweza kuifanya hata kama hakukaa darasani. Kaunti inayopitiwa na magari kutoka bandari ya Mombasa mchana na usiku ina kila sababu ya kuwa na kozi fupi ya umeme na elektroniki za magari: kusoma mchoro wa waya, kujua rangi ya manjano ya plagi za mifuko ya hewa ambayo haiguswi, kuchagua fyuzi, kulehemu badala ya kusokota na kufunga tepu. Wiki chache za mafunzo kama hayo zingeokoa magari mengi, na zingempa fundi karatasi ya kuonyesha na bei ya kusimamia.

Lakini mzigo mkubwa zaidi uko kwa wauzaji. Gari lililotumika haliingii Kenya likiwa limezidi miaka 8, na sharti likaguliwe Japani kabla ya kupakiwa melini kwa kufuata kiwango cha KEBS, KS 1515. Ukaguzi huo unajali gari kuwa salama barabarani, na ni sawa. Lakini linapofika yadi, muuzaji huandika kwenye kioo mwaka, ukubwa wa injini na bei, akaongeza kwamba lina navigesheni na TV. Navigesheni gani, ya Nagoya? Kama muuzaji wa friji angekuuzia friji isiyoingia kwenye soketi za Kenya, angelazimika kukuambia. Muuzaji wa gari naye aandike mambo matatu kwenye karatasi ileile ya kioo: redio inasikia kutoka megahezi ngapi hadi ngapi, menyu iko kwa lugha gani, na kama redio hujifunga betri ikichomolewa. Hayo hayahitaji sheria ya Bunge. Yanahitaji dakika moja ya muuzaji na kalamu.

Mnunuzi naye ana wajibu usiomgharimu kitu. Ukifika yadi, kabla hujauliza kilomita wala mafuta, omba redio iwashwe na utafute stesheni mbili unazozijua, moja ikiwa juu ya 100. Zikikosekana, gharama ya kuzipata itolewe kwenye bei pale pale, kabla hujatoa simu kulipa. Wauzaji hawatabadilika kwa kusoma makala ya Jumamosi. Watabadilika siku wateja watatu mfululizo watakapokataa kulipa bei kamili kwa gari lisilosikia nchi linakouzwa.